Mumiani Aliyerudia Darasa

Mpwa wangu alinikabidhi kitabu kile kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto mchanga. "Mjomba, ukianza tu, hulali." Alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani Ngara mjini anasubiri matokeo, na kitabu chenyewe kilikuwa kimelizunguka bweni zima kabla ya kumfikia yeye: kimelaliwa chini ya magodoro, kimevishwa gazeti kifanane na daftari la Jiografia, kimemwagiwa uji. Jalada jeusi, na juu yake mikono miwili myeupe pe imeshika tufaha jekundu. Twilight, cha Mmarekani Stephenie Meyer.

Huyu mama aliota ndoto Juni 2003, akaamka akaiandika. Kitabu kikatoka 2005, na kufikia 2008 kilishapata wadogo zake watatu. Vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 100. Kwa hesabu hiyo, kama hakikunogei, mwenye kasoro ni wewe. Ndivyo nilivyojiambia usiku wa kwanza, nikalala ukurasa wa 19. Usiku wa pili nikajikaza, nikalala ukurasa wa 31. Mke wangu akasema niendelee hivyo hivyo, dawa ya usingizi ya bei nafuu namna ile hajapata kuiona.

Usiku wa tatu nikafika mahali ambapo kurasa zimechanwa. Si moja wala mbili; bweni lina matumizi mengi ya karatasi. Ajabu ni kwamba sikugundua. Nilisoma kurasa nne nzima za upande wa pili ndipo nikaona namba hazifuatani. Nilipowaacha wale wapendanao walikuwa wanatazamana, na nilipowakuta tena walikuwa bado wanatazamana.

Asubuhi yake nilikuwa na safari ya Biharamulo. Nilikuwa mshenga, napeleka barua ya posa ya kijana wa kaka yangu, ndani ya bahasha mna elfu ishirini ya kufungulia mlango. Nikaitia bahasha katikati ya kitabu isikunjike, na papo hapo inishikie ukurasa. Naomba msomaji aikumbuke bahasha hiyo, kwa sababu mimi nilikuja kuisahau.

Kosta iliondoka alfajiri. Kwenye kitabu, mumiani wa Meyer wanaishi Forks, kamji kamoja ka jimbo la Washington ambako jua ni la nadra kwa sababu ya mvua na mawingu. Nikatazama nje. Ukungu ulikuwa umemeza vilima, umemeza mnara wa simu, umemeza hata punda aliyekuwa akipiga kelele kando ya barabara. Hawa watu wangehamia Murgwanza na asingeshtuka mtu, alimradi wamalize shughuli zao kabla ya saa nne.

Tulipofika Benaco akapanda mama mmoja na ndoo mbili za parachichi, akaketi kando yangu. Akalitazama lile tufaha kwa muda.

"Mchungaji, hilo ni tunda la Hawa?"

Nikamwambia mimi ni mwalimu, si mchungaji, na kitabu ni cha mapenzi. Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema ni cha Hesabu, barua ingefika.

"Cha mapenzi, na umekinunia hivyo? Hebu tusimulie."

Nikaanza taratibu. Binti wa miaka 17 amehamia kwa baba yake. Darasani anaketishwa meza moja na kijana mzuri, mweupe kama chokaa, ambaye hali. Kila mchana anachukua sinia la chakula kama wenzake, halafu analiacha vilevile.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na wapishi wanamtazama tu?"

Mzee wa siti ya nyuma akataka kujua kama shule hiyo ni ya serikali au ya binafsi. Nikasema hali kwa sababu ni mumiani. Konda akapunguza redio.

Msomaji ambaye hakukulia huku anisamehe kidogo. Sisi mumiani hatukumjulia kwenye sinema. Bibi yangu alimwita chinjachinja, na alimtumia kuturudisha nyumbani kabla ya giza: anakuja na gari lisilowasha taa, anakukamua damu, anakwenda kuiuza. Enzi za mkoloni kuna watu wa mijini walioapa kwamba kazi hiyo inafanywa na wazimamoto, na mwanahistoria Luise White alizikusanya habari za namna hiyo kutoka pande hizi za Afrika akatoa kitabu kizima mwaka 2000. Mumiani wetu ana mwajiri, ana gari, ana ndoo. Wa Meyer ana nywele.

"Huyu hanywi damu ya watu," nikamtetea, nikishangaa mwenyewe kwamba namtetea. "Anakunywa ya wanyama wa porini."

"Bila kibali?" Dereva naye alikuwa anasikiliza. "Pale Burigi askari wa hifadhi wangeshamweka ndani."

"Na akipigwa na jua anameremeta. Kama almasi."

"Amejipaka mafuta ya nazi huyo," akasema mama wa parachichi.

Mzee wa nyuma akauliza umri. Nikajibu kijana ana miaka 17, tangu mwaka 1918. Alizaliwa 1901, akaugua ile homa kubwa ya mwishoni mwa vita, akageuzwa mumiani badala ya kufa, na toka siku hiyo hajaongeza hata siku moja. Mzee akapiga hesabu kwa vidole, akaishiwa vidole, akaazima vya jirani.

"Amezaliwa enzi za Mjerumani, na mpaka leo yuko sekondari?"

"Wakihama mji anaanza upya."

"Mwalimu, wewe ni mwalimu. Mtu akirudia darasa miaka themanini, hayo ni mapenzi au ni matokeo mabaya?"

Sikuwa na jibu. Nikakimbilia kipande ambacho mpwa wangu alinihakikishia kuwa ndicho kitamu kuliko vyote: kwamba usiku kijana anaingia chumbani kwa binti, anaketi, anamtazama akilala, hadi asubuhi.

"Baba yake yuko wapi?" Sauti tatu kwa pamoja.

"Yuko nyumba hiyo hiyo. Ndiye mkuu wa polisi wa mji."

Kosta nzima ikalipuka. Dereva ilibidi apunguze mwendo, na lori moja la kutoka Rwanda likatupita likipiga honi. "OCD! OCD mzima, mumiani yuko ndani anahesabu pumzi za mwanaye!" Mama akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kijijini kwake, akasema, haihitajiki hata polisi. Kivuli dirishani, yowe moja, sungusungu wamefika na mtu anaeleza vizuri sana alikuwa anatazama nini.

Wakati wanacheka ndipo nikajua kilichokuwa kinanichosha siku tatu zile. Mumiani nilishamzoea. Tatizo ni kwamba mle ndani hakuna mtu wa kuuliza. Kurasa karibu mia tano, na hapatokei shangazi wa kusema "huyu ni mtoto wa nani?" Hapana jirani, hapana mdogo mtu mmbea, wapendanao wameachiwa dunia yao peke yao watazamane. Mimi nimezoea Rosa Mistika, ambamo Kezilahabi anamwekea msichana baba, mama, wadogo, walimu na kijiji kizima, halafu ndipo anamletea balaa. Kitabu hicho kilitoka 1971, kikapigwa marufuku shuleni, na sisi tukakisoma kwa kujificha kama mpwa wangu alivyokificha chake.

Ila nimtendee haki mtoto. Yeye ana miaka 17 na anaishi kwenye nyumba ambayo simu yake ikilia inapokewa na shangazi yake. Pengine mapenzi yasiyo na kikao wala mhasibu wa michango ndiyo ndoto yenyewe, na mimi mshenga ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa.

Karibu na Nyakahura mama akaniomba kitabu amwone huyo kijana kwenye picha. Nikampa. Picha hakuna, akawa anafunua tu, binti aliyesimama karibu naye akimsomea neno moja moja. Mimi usingizi ukanichukua. Mwili ulishazoea kwamba kikifunguliwa kitabu hiki, ni saa ya kulala. Nilizinduka Lusahunga, tunakata kona kuelekea Biharamulo. Siti ya pembeni ilikuwa na parachichi moja, la shukrani.

Nyumbani kwa wakwe walikuwa wamekaa wazee watano. Tulikula kwanza. Kisha mwenyekiti akakohoa.

"Mshenga, barua."

"Barua imo ndani ya kitabu."

"Kitabu kiko wapi?"

"Nyakahura."

"Kitabu gani?"

Mungu anisamehe, nilifikiria kusema Biblia. "Cha mumiani," nikasema.

Mzee mwenye kalamu akaandika. Faini ya kupoteza barua: elfu thelathini. Faini ya kuleta habari za mumiani kwenye nyumba yenye mwali: elfu ishirini. Nikajaribu kueleza kwamba huyu anakunywa ya wanyama tu. Akaongeza elfu tano. Barua nyingine iletwe ndani ya wiki mbili, na safari hii mshenga aje na mtu wa kumshikia.

Usiku nimelala kwa rafiki yangu, simu ikaita, namba ngeni. Nilikuwa nimesahau kuwa barua ya posa ina namba ya mshenga chini yake.

"Mwalimu! Ni mimi wa parachichi. Kumbe hadithi yenyewe ilikuwa kwenye bahasha! Mwanangu ametusomea, tumekaa wote hapa jikoni. Ukoo umetajwa, kazi ya kijana imetajwa, hadi kanisa. Mambo yamenyooka. Enhe, wamekubali?"

Nikamweleza yaliyonikuta. Akacheka, akanipa pole, akacheka tena.

"Barua naituma kesho na kosta ileile. Hela imo, imepungua ya vocha. Kitabu niachie kidogo, huyu binti yangu amekishikilia, hajafika walipooana."

"Humo hawaoani, mama. Wanaoana kwenye cha nne."

Akanyamaza. Nilisikia mtu jikoni akiuliza nimesema nini, naye akimjibu pembeni ya simu.

"Basi mwambie mpwa wako avitafute hivyo vingine," akasema. "Lakini wa kwenye bahasha wakimjibu, nipigie usiku huohuo."