Jinsi ya Kumnenepesha Mchwa kwa Dawa

Ewe unayejenga Nachingwea au Ruangwa, ukitaka mchwa wale kenchi zako bila kusumbuliwa, fuata mwongozo huu wala usiongeze lako.

Anza kwa kutomjua unayepigana naye. Mchwa ni mchwa tu. Kwamba wako wanaosimamisha vichuguu virefu na kulima uyoga ndani yake, na wako wadogo wasio na kichuguu, wanaopita chini kwa chini hadi kwenye mizizi ya miche ya mikorosho, hayo waachie wenye nafasi.

Kisha tumia dozi ya jirani. Kama vifuniko viwili kwenye pampu vilimaliza kazi kwake Ruangwa, vitashindwaje kwako Nachingwea? Ni kweli kwamba kichuguu ni ukoo: vibarua na askari wote waliomo kwa kawaida ni watoto wa mfalme na malkia mmoja, na koo hazilingani uvumilivu. Huko New Orleans, Marekani, watafiti waliwapa mchwa wa aina moja, kutoka makundi mbalimbali, dawa ileile; kundi moja likafa upesi, jingine likakawia. Udongo nao una yake, kwa kuwa wenye mfinyanzi na mboji huishika dawa isiwafikie walengwa. Usijali. Dozi moja kwa nchi nzima ina heshima zake hapa kwetu: mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga uliopangwa London kwa ajili ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga na reli kutoka Mtwara. Kufikia 1951 ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 30 zimekwenda nao.

Dukani, chagua inayoua papo hapo. Dawa nyingi za jamii ya pareto humfukuza mchwa. Ataizunguka na kutokea chumba cha pili, nawe utapata sababu ya kununua chupa nyingine. Iepuke fipronili, ambayo kibarua haihisi, huibeba hadi nyumbani na kuwagawia wenzake wanapolambana. Inachelewa, tena haikuonyeshi maiti.

Oili chafu kwenye nguzo? Pakaa, angalau inang'aa. Na mzee akikusimulia utamu wa dieldrini, itafute kwa magendo. Ilikaa udongoni miaka na miaka. Ilikaa vilevile miilini mwa watu, ndiyo maana Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliipiga marufuku.

Ila kama umechoka kuezeka upya, kusanya mchwa wachache, askari wasikose, maana kichwa cha askari ndicho kinachotaja aina. Watie kwenye chupa yenye spiriti, mpelekee afisa ugani wa kata yako au wataalamu wa TARI Naliendele, Mtwara, uulize dawa ya hao hao uliowabeba. Wa jirani mwachie jirani.