Pikipiki Iliyolala Sebuleni

Aliyegundua kwanza ni mama mkwe. Alikuja Mbagala kutoka Handeni kumwona mjukuu, akatandikiwa godoro sebuleni, hatua mbili tu kutoka mahali pikipiki inapolala kila usiku, maana Dar es Salaam ukikilaza nje chombo chako unaweza kuamka mtembea kwa miguu. Alfajiri, baada ya kuitikia shikamoo ya mkwewe, alisema jambo moja: "Mwanangu, usiku kucha nimeota niko kituo cha mafuta."

Mkwe huyo, ambaye kwa bahati mbaya ndiye mwandishi wa makala haya, alicheka kwa adabu. Kisha akainama. Chini ya injini palikuwa na doa la ukubwa wa kisahani cha chai, na kule barazani jiko la mkaa limeshakolea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupai dirishani kama moshi. Hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Ulikuwa umebakiza kizingiti. Pikipiki ilitolewa kwa mlango wa nyuma kwa kasi ambayo haijawahi kufikia ikiwa imewashwa.

Pale kijiweni, madereva watatu walitoa majibu manne. Wengi waliilaumu kabureta: flota imenasa, petroli inafurika. Lilikuwa jibu zuri, ila koki ilikuwa imefungwa tangu jioni, na koki ikifungwa kabureta hainywi. Mwenye pikipiki aliijua hoja hiyo. Aliifungua kabureta hata hivyo, kwa kuwa spana namba 10 ilikuwa tayari mkononi na watoto wa jirani walikuwa wamekuja kutazama. Ilimchukua saa mbili, na skrubu moja ikamezwa na mchanga wa Mbagala. Alipomaliza kuirudisha, tone lilikuwa linadondoka palepale.

Dawa ilitoka kwenye kopo la poda ya mtoto. Tenki likafutwa likakauka, poda ikanyunyizwa chini yote, mtu akakaa kusubiri. Petroli ina tabia ya kutokea mahali pengine na kudondokea pengine: hufuata mshono wa bati, hupita juu ya koki, ndipo ianguke. Baada ya dakika kumi mstari mwembamba wa unyevu ulijichora kwenye weupe, ukipanda kutoka kwenye koki hadi kona ya nyuma, upande wa kushoto. Tundu lenyewe halikuzidi ncha ya sindano.

Na kwa nini kushoto? Stendi ya pembeni. Tenki likikaa nusu tupu katika hewa ya pwani, unyevu hugeuka maji ndani usiku, na maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huzama chini na kutulia. Pikipiki ikiegemea kushoto miaka minne, kutu haina haja ya kuuliza njia.

"Paka sabuni," alisema mama mkwe bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachagua. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori. Sabuni ya mche ikasuguliwa juu ya tundu, na kweli, tone likakata. Petroli haiyeyushi sabuni. Siku tatu mwenye chombo alitembea kifua mbele, akiwaeleza abiria na wasio abiria.

Siku ya nne mvua ya masika ilimkuta barabara ya Kilwa. Petroli haiyeyushi sabuni, lakini maji ndiyo kazi yake. Tenki likaanza kutoa povu jeupe lililoteremka hadi kwenye suruali, na kwenye taa za Mtoni kwa Azizi Ali abiria akauliza kwa upole kama pikipiki hiyo inafuliwa ikiwa njiani.

Fundi wa kuchomelea alinusa mara moja, akarudi nyuma. Tenki tupu, alisema, ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa. Alitaka lioshwe kabisa, kisha lijazwe maji mpaka karibu na tundu, ndipo aliguse. Mwenye pikipiki alitishwa na bei kuliko mlipuko, akanunua gundi ya chuma ya mirija miwili na kurudi nyumbani. Akaipaka juu ya rangi, tundu likiwa bado linatoka jasho. Asubuhi gundi ilibanduka nzima, kama ganda la kidonda.

Mara ya pili alifanya alichopaswa kufanya mwanzo. Alilishusha tenki, akalimwaga, akalisuuza kwa maji ya sabuni. Akatia nati 20 ndani na kulitikisa kama kayamba ili kutu ing'oke. Akamimina siki, akaiacha usiku mzima huku akiligeuza kila alipokumbuka. "Leo nimeota kachumbari," alisema mama mkwe. Magadi yakafuata ili kuua ukali wa siki, kisha jua. Safari hii rangi ilikwanguliwa kwa msasa mpaka bati likang'aa, gundi ikachanganywa sawa kwa sawa, na kwa saa 24 hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Huu ni mwezi wa saba, na poda haijaonyesha unyevu. Pikipiki sasa inalala ua wa nyuma, kwa mnyororo, kwa amri iliyotoka Handeni kwa simu. Nati zilizoingia ni 20, zilizotoka ni 19. Akifunga breki, inasikika.