Uzi wa Kanga na Kamera ya Baharini

Nyumbani kwetu jambo likigusa fedha halipiti bila kikao. Tunakaa barazani baada ya sala ya Isha, birika la kahawa katikati, na kila mwenye neno hulitoa. Kikao kilichotusumbua kuliko vyote kilihusu kamera, na aliyekiitisha ni mama mkwe wangu, ambaye hajapata kushika kamera maishani mwake.

Mama ni mtu wa pwani ya mashariki ya Unguja. Alikuwa miongoni mwa wanawake walioingia kwenye kilimo cha mwani kilipoanza huku mwaka 1989, na tangu usichana wake alikuwa akivua pweza siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba ukabaki wazi. Matundu ya pweza anayajua kama anavyozijua nyumba za jirani zake. Sasa magoti hayamruhusu kukanyaga mawe yenye utelezi. Usiku ule alitueleza haja yake.

"Mwamba ule nimetembea juu yake umri wangu wote. Upande wa nje, pale ukuta unaposhuka, sijapata kupaona. Nyinyi mnaojua kupiga mbizi, nendeni mkanipigie picha."

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia. Ubishi ulikuwa ni kwa chombo gani.

Mume wangu, mwalimu wa sayansi, alisema simu zipo, tutafute mfuko wa plastiki wa kuzuia maji. Mwanetu mkubwa alitaka kamera ndogo kama zile wanazozifunga watalii kifuani. Shemeji yangu aliyeko Muscat alipiga simu akashauri tusubiri, atatafuta kamera nzuri kule. Mimi ndiye ninayeshika daftari la matumizi ya nyumba, na daftari lilikuwa upande wa mume wangu. Tukaanza na simu.

Mfuko tuliujaribu kama inavyopasa. Tuliutia karatasi laini ya chooni, tukaufunga, tukauzamisha kwenye ndoo na kuukandamiza kwa jiwe usiku kucha. Asubuhi karatasi ilitoka kavu. Kijana akaingia baharini kwa imani, na huko ndiko tulikojifunza kwamba kuzuia maji ni kazi moja na kupiga picha ni nyingine. Kioo cha simu hufanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo wa kidole, na maji ya chumvi nayo hupitisha umeme. Kadiri kijana alivyoshuka ndivyo maji yalivyoubana mfuko ukagandamana na kioo, na simu ikawa haijui kipi ni kidole na kipi ni bahari. Alichoambulia ni video iliyokuwa imewashwa tangu juu: mchanga, miguu yake, na rangi moja ya kijani iliyofifia kila mahali.

Mama aliitazama hadi mwisho kwa heshima zote, kisha akauliza kama siku ile maji yalikuwa machafu.

Maji hayakuwa machafu. Mume wangu alichukua chaki akamchorea sakafuni. Mwanga wa jua una rangi nyingi ndani yake, na maji huzimeza moja baada ya nyingine. Nyekundu hutangulia, na ukifika mita tano hivi sehemu yake kubwa imeshapotea. Hufuata rangi ya chungwa, kisha njano, na chini kabisa hubaki kijani na buluu. Safari ya mwanga huhesabiwa yote, kushuka na kwenda pembeni: ukiwa mita tatu chini na samaki yuko mita mbili mbele yako, rangi yake imekwisha kupita mita tano za maji kabla ya kufika kwenye lenzi. Mama alielewa haraka kuliko sisi. Alisema ndiyo maana tasi anayetoka kwenye dema hana rangi ile anayoonekana nayo majini.

Kijana akapewa zamu yake. Duka moja mjini lilikuwa na kamera ndogo ya bei nafuu, na juu ya boksi pameandikwa mita 30. Muuzaji alitusifia wingi wa pikseli. Maandishi madogo ya ndani ya boksi yalieleza jambo ambalo dukani halikutajwa: mita 30 ni za kasha la plastiki linalovishwa kamera. Kamera yenyewe, ikiwa nje ya kasha, haitakiwi kupata hata tone.

Kasha lile lilikuwa na mlango mmoja wa nyuma, na kuzunguka mlango huo mpira mwembamba ambao mafundi huuita sili. Usalama wote wa kamera umo ndani ya mpira huo. Maji yana uzito: kwa kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo huongezeka kwa kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo ukifika mita 10 unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Sili ikiwa safi, mgandamizo huo huusukuma mlango ukazidi kujibana. Chembe ya mchanga ikikaa hapo, au unywele, maji hupata njia.

Siku ya kwenda kupiga, kitindamimba wetu aliona mchanga ufukweni na akataka kusaidia. Alichukua pembe ya kanga ya bibi yake akaifuta sili vizuri, pande zote, kwa uangalifu wa mtoto aliyeaminiwa kazi ya wakubwa. Kaka yake akafunga mlango, akaingia. Hakuwa amefika hata kina cha mtu mzima pale kasha lilipoanza kuonyesha ukungu, na baada ya ukungu maji. Tulipolifungua nyumbani tulikuta uzi mmoja wa kanga, mwembamba mno, umelala juu ya sili kutoka ndani hadi nje.

Jirani yetu alikuja mbio na bakuli la mchele, tuizike kamera humo. Mume wangu alimshukuru, akamweleza kwamba mchele hauiondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula nyaya na vichuma vya ndani. Wakati wakizungumza kijana alikuwa ameshatafuta waya wa chaji. Baba yake alimrukia akamshika mkono. Betri za lithiamu zikiingiwa na maji ya bahari hazichajiwi tena, kwa kuwa zinaweza kupata moto zenyewe hata baada ya saa kadhaa. Betri ile ilikuwa imeanza kuvimba. Tukaitoa uani, tukaiweka juu ya mchanga kwenye karai la zege, mbali na jiko na mbali na nyumba, na usiku ule mume wangu alitoka kuiangalia mara kwa mara.

Mtoto alilia hadi kwikwi zikamshika. Mama alimpakata akasema mbele yetu sote, "Kanga ni yangu, na uzi ni wangu. Asisemwe mtu." Kisha akasema kamera basi, fedha zirudi kwenye ada za skuli.

Hapo nilikataa. Bidhaa za bei nafuu hutugharimu mara mbili kwa sababu huuzwa kwa sifa tusizozihitaji, na ile tunayoihitaji haitajwi. Niliomba kikao kingine, na safari hii nikaomba tuanze na mahali badala ya duka. Tunakwenda wapi? Ukuta wa nje wa mwamba, maji yakiwa yamekupwa. Kina gani? Hakuna kati yetu anayezamia na mtungi wa hewa, na kwa pumzi zetu hatupiti mita tano. Tunapiga nini? Matumbawe, pweza, samaki wadogo, vyote kwa karibu. Nani ataitunza? Swali hili ndilo lililochukua muda mrefu zaidi, na ndilo lililoamua.

Kwa kina chetu, kamera iliyohakikishwa mita 10 au 15 bila kasha inatosha na akiba inabaki. Simu nyingi huandikwa IP68, lakini alama hiyo hutolewa kwa majaribio ya maji baridi yaliyotulia, na bahari ina chumvi na mawimbi. Kamera za GoPro tangu Hero5 ya mwaka 2016 nyingi huhimili mita 10 bila kasha, na ni hodari kwa video na kwa mandhari mapana. Kwa pweza aliyejificha tunduni, lenzi pana ya GoPro humfanya kuwa kitone. Upande wa pili kulikuwa na kamera ngumu za mfukoni. Nikon W300 ilihimili mita 30 na Fujifilm XP140 mita 25, ila siku hizi hupatikana zaidi zikiwa za mtumba. Olympus TG-6 ya mwaka 2019 huhimili mita 15, ina megapikseli 12 tu, na inaweza kupiga kitu kilicho sentimita moja kutoka kwenye lenzi. Mrithi wake, TG-7, alitoka mwaka 2023 kwa takriban dola 550 huko Marekani, bei ambayo daftari letu halikuweza kuitazama mara ya pili. Megapikseli 12 zinajaza televisheni ya kisasa bila kupungua kitu, kwa hiyo wingi wa pikseli haukutushawishi tena.

Shemeji alipata TG-6 iliyotumika huko Muscat, akampa mtu anayekuja likizo. Nilimwomba kabla ya kulipa afungue milango yake yote miwili, ule wa betri na kadi na ule wa waya, aangalie kama sili zina nyufa, na kama kuna alama nyeupe za chumvi au kutu ya kijani kwenye vichuma. Mtengenezaji anashauri sili zibadilishwe kila mwaka, basi tuliagiza na mpya pamoja. Bei ya yote ilikuwa chini ya nusu ya bei ya mpya.

Ilipofika haikupelekwa baharini. Ililala kwanza kwenye beseni la maji baridi, milango ikiwa imefungwa na kukazwa, bila betri ndani, sisi wote tumeizunguka. Vipovu vichache vilivyotawanyika juu ya mwili wake havikututisha, kwa kuwa ni hewa iliyonasa kwenye mikunjo. Kipovu cha kuogopwa ni kile kinachotoka mahali pamoja, kimoja nyuma ya kingine. Hakikuonekana.

Kisha tukatunga sheria za nyumba, na kitindamimba ndiye aliyekabidhiwa kuzisimamia. Milango ya kamera hufunguliwa chumbani, mikono ikiwa mikavu, kamwe si ufukweni. Sili hutazamwa mwangani kabla ya kufungwa, na hufutwa kwa kitambaa kile tu kisichotoa nyuzi kilichokuja nayo. Ikitoka baharini huingia kwenye ndoo ya maji baridi ikiwa bado mbichi, chumvi isipate nafasi ya kuganda, na vitufe hubonyezwa mle ndani ya maji ili chumvi iliyojificha itoke. Haifunguliwi mpaka ikauke kivulini.

Tulingoja kaskazi, bahari ilipotulia na maji yakawa maangavu. Baba na mwana waliingia kabla ya adhuhuri, jua likiwa juu, maji yakiwa yamekupwa. Flashi ilizimwa, kwa sababu humulika kila chembe inayoelea kati ya lenzi na samaki na kuijaza picha vitone vyeupe. Kamera iliwekwa kwenye mpango wake wa chini ya maji, unaorudisha sehemu ya wekundu ulioliwa. Na kanuni iliyo juu ya zote: sogea. Wakiona picha nzuri, wasogee tena hadi urefu wa mkono, bila kukanyaga tumbawe wala kulishika, kwa maana tumbawe lililovunjwa kwa dakika moja hukua tena kwa miaka.

Jioni tuliunganisha kamera na televisheni. Mama alikaa mbele, na baada ya picha za mwanzo alianza kutufundisha. Pale sisi tulipoona jiwe, yeye alisema ni pweza, na alikuwa kweli. Kwenye ukuta ambao hajapata kuuona alilitambua tundu moja kwa mdomo wake wa juu, akacheka kwa furaha: miaka yote amekuwa akilivua upande wa pili, asijue kwamba linatokea baharini.

Kisha ikaja picha ya matumbawe yaliyokuwa meupe kwenye ncha zake. Hapo aliacha kucheka. Alisema aliona weupe kama huo mwaka 1998, maji yalipokuwa moto na mwamba ukapauka. Mume wangu alimweleza kwamba joto la bahari likizidi, tumbawe huutoa mwani mdogo sana unaoishi ndani yake na kulilisha, na likikaa hivyo muda mrefu hufa. Na kwamba mwaka 2024 wanasayansi walitangaza tena kupauka kwa matumbawe duniani kote. Mama alitaka kujua kama weupe ule unaongezeka au unapungua. Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa hatukuwa na picha ya mwaka uliopita.

Sasa kila kaskazi tunapiga mahali palepale, tukianzia kwenye tundu lake. Jirani zetu huja kuuliza ni kamera ipi nzuri na rahisi ya baharini. Mama huwajibu yeye mwenyewe: waseme kwanza wanazama kiasi gani, wanataka kuona nini, na nani nyumbani ataiosha. Orodha yake ya sehemu zinazofuata imefika hadi mlango wa bahari zinakopita ngalawa. Na bei ya sili mpya nimeiandika kwenye daftari la mwaka, mstari wa chini ya ada za skuli.