Mheshimiwa Waziri, maswali yabaki wizarani

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Taifa, Bujumbura

Mheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Kiriri, kilima ambapo ikulu na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi ni majirani. Naandika kwa heshima zote kuishukuru serikali kwa bidii yake ya kuilinda nchi dhidi ya watu wanaosoma.

Mwaka 2016 wanafunzi kwa mamia walisimamishwa masomo kwa kuchorachora picha ya Rais Nkurunziza vitabuni. Machi 2019 wasichana watatu wa Kirundo wakatiwa gerezani kwa kosa hilohilo. Dunia ikapiga kelele, wakaachiwa mwezi uleule. Kelele zile zilifunika habari njema ya Wizara: kumbe vitabu vilifika Kirundo, na wapo watoto waliovifungua! Mkaguzi gani angetuletea ushahidi kama huo?

Lakini kukamata biki hakutoshi. Hatari yenyewe ni masomo yasiyo na faida sokoni, yale yanayomfanya kijana aulize nani kampa mkubwa ukubwa wake. Napendekeza falsafa ifundishwe majibu tu. Maswali yabaki wizarani, yafungiwe kabatini. Historia nayo iruke kutoka kifo cha Rwagasore, shujaa wetu wa uhuru, 13 Oktoba 1961, hadi leo asubuhi. Wakiachwa wasome yaliyo katikati watafika 1972, wakute kwamba wanafunzi wa chuo hikihiki walichukuliwa wasirudi, na watataka kujua aliyetoa amri. Hapo utawajibu nini?

Somo la uraia halina haja ya mwalimu. Mwaka 2017 buruse iligeuzwa mkopo, wanafunzi wakalalamika, viongozi wao wakakamatwa. Walielewa siku hiyohiyo, bila chaki.

Wako watakaokwambia kwamba demokrasia ni kura, na kura tunapiga, basi elimu hiyo ya kujadiliana ni ya nini? Wasikilize. Athene nao walipiga kura, mwaka 399 kabla ya Kristo, na kwa kura hizo wakamnywesha Sokrate sumu. Utaratibu ulifuatwa vizuri kabisa.

Jambo moja tu linaninyima usingizi. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Burundi kilishambuliwa na wanafunzi wakauawa. Miongoni mwa waliokimbia kuokoa roho zao walikuwamo mhadhiri wa michezo, Pierre Nkurunziza, na mwanafunzi wa sheria, Évariste Ndayishimiye. Walikwenda msituni, na wote wawili wakaja kuwa marais wa Jamhuri. Darasa lingewabakisha kwa gharama ndogo zaidi, kwao na kwetu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, siku utakapomfukuza mwanafunzi mwingine, tafadhali andika jina lake vizuri na uagane naye kwa adabu. Huenda ndiye utakayemwomba kazi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kiriri