Rada ya Mashua kwa Mwenye Shamba la Chai

Sogea karibu, nikupe siri. Kericho na Bomet ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa zaidi na mvua ya mawe duniani. Miaka ya 1960 na 1970 kampuni kubwa za chai zilirusha ndege kumwagia mawingu iodidi ya fedha. Wewe huna ndege. Una ekari moja na chama. Vinatosha kupata rada ya kuiona dhoruba ikija.

1. Usiguse rada ya hali ya hewa, bei yake itakuua. Tafuta ya mashua ndogo, hata iliyotumika, ile ya bakuli jeupe. Inakula umeme wa voti 12, kwa hiyo betri ya gari na sola vitaibeba.

2. Sasa ujanja wenyewe. Mawimbi yake ya sentimita 3 hurudishwa na matone ya mvua, jambo linalomkera nahodha kwa sababu humfichia mashua nyingine. Ndiyo maana kuna kitufe cha kufuta mvua. Nahodha hukipandisha, wewe kishushe mpaka sufuri. Uchafu wake ndio mali yako: doa nene likitokea kwenye kioo, hilo ni wingu lenye mzigo.

3. Muuzaji akikuimbia kuwa inaona maili 24 za baharini, yaani takriban kilomita 44, itikia kwa heshima, kisha uliza urefu wa mlingoti. Bakuli likiwa bondeni, litakuonyesha kilima cha jirani tu. Na mvua kubwa hulipofusha: dhoruba ya pili hujificha nyuma ya ya kwanza. Haitakuambia pia kama ni mawe au maji. Chukulia ni mawe.

4. Kibali ni cha Mamlaka ya Mawasiliano, maana huo ni mtambo wa redio. Hapo usitafute mkato.

5. Nani atakikodolea macho kioo kila alasiri? Mchague mzee anayependa sifa kuliko wote kijijini. Mpe cheo cha Mwenyekiti wa Rada, kioo kikae sebuleni kwake, wageni wakione. Hataondoka hapo hata kwa harusi.

6. Chama kikikosa pesa, tumia ujanja mwingine: picha za setilaiti ya Meteosat hutoka kila baada ya dakika chache, na simu yako inazifungua bure. Mwenyekiti abaki na cheo chake.

7. Rada haizuii jiwe hata moja. Inakununulia labda saa moja, na saa hiyo ni ya kuchuna. Doa likikaribia, waite wachumaji wote, mama mkwe akiwemo. Anzeni na mistari iliyoiva, majani mawili na chipukizi, na usiache mfuko wazi shambani. Mawe yakishachana kichaka, utangoja wiki kadhaa kabla ya kuchuna tena, huku karo ikikungoja wewe. Kilichofika kituo cha kununulia kabla ya ngurumo kimeshapimwa, na kilo zake ziko kwenye risiti.