Nipo Mlangoni Hapa

Enzi zile mabasi ya mikoani yakiishia Ubungo, shangazi yangu alitoka Songea kuja kunitembelea Dar es Salaam. Nikamwelekeza kwa simu: panda daladala ya Mbezi Beach, shuka Tangi Bovu. Yeye akashika Mbezi. Beach ikamdondoka njiani. Daladala aliyopanda ilikuwa ya Mbezi kweli, tena imeandikwa ubavuni, ila ni Mbezi ya Kimara, ile ya Barabara ya Morogoro, na mimi nakaa upande wa Barabara ya Bagamoyo. Saa tatu baadaye nilimkuta amekalia begi lake, mkononi gunzi la hindi la kuchoma, anawaeleza wauza vocha kwamba Tangi Bovu wamelihamisha. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Kisa hicho nimekisimulia kwenye vikao vya harusi visivyopungua sita, na kila nikikisimulia nakitia chumvi. Siku hizi shangazi ana kuku wawili kwenye kikapu, ambao hakuwa nao.

Basi mwaka jana nikapata semina London, siku nne. Siku zote hizo gari lilitufuata hotelini na kuturudisha, kwa hiyo mji niliuona kupitia kioo. Jumamosi semina imekwisha, binamu yangu anayefanya unesi huko akanipigia. Huyu ni binti wa shangazi huyohuyo.

"Kaka, leo nakulisha. Tukutane kituo cha Edgware Road saa saba mchana. Usiingie hapo Euston. Tembea dakika tano mpaka Euston Square, panda treni, kituo cha tatu ndiyo Edgware Road. Wala usihangaike."

Mtu akishaniambia nisihangaike, huwa naacha kusikiliza. Tena mimi ni mtu wa Dar. Nimeingia daladala kwa dirishani. Nimetoka Mbagala hadi Kariakoo mguu mmoja ndani, mwingine unapepea nje. Treni ambayo majina ya vituo yamebandikwa ukutani kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya reli, hiyo itanishinda nini?

Nikaingia Euston. Square niliichukulia kama madoido.

Geti likanikataa. Nilishawasoma wenzangu wanavyofanya: hawakati tiketi, wanagusisha kadi ya benki kwenye duara la njano, geti linafunguka, wanapita bila kupunguza mwendo. Nikagusisha. Taa nyekundu. Nikaipangusa kadi kwenye suruali, nikagusisha tena, safari hii nimeikandamiza kama karani anayegonga muhuri. Nyekundu. Nyuma yangu foleni inakua na hakuna anayesema kitu, jambo ambalo linatisha kuliko matusi. Mzee mmoja mwenye kofia akainama, akaitazama kadi yangu, akanionyesha kwa ncha ya kidole. Ulikuwa ufunguo wa chumba cha hoteli.

Ngazi za umeme nazo zina mambo yake. Nilisimama kushoto. Waingereza hawahawa ndio waliotuachia sheria ya kuendesha magari kushoto, nikaona nawaheshimu kwa kufuata mila zao. Kumbe kwenye ngazi, anayesimama anakaa kulia. Kushoto ni kwa wenye haraka. Mtu wa kwanza akaniambia samahani. Nikamjibu usijali. Wa pili, samahani. Usijali na wewe. Wa nne nikaanza kuwaza kwamba hawa watu wana adabu iliyopitiliza, mpaka nilipogeuka nikaona msururu wa watu kumi na kitu nimeuziba peke yangu, na begi langu pia. Konda wa Dar angeniokoa mapema: "Oya mzee, sogea, unaziba njia!" Samahani ya London inataka mkalimani.

Chini ukutani kuna ile ramani maarufu aliyoichora Harry Beck mwaka 1931, ikachapishwa 1933. Beck alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi, na aliona kwamba mtu aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua umbali. Anataka kujua kituo kipi kinafuata kipi na abadilishie treni wapi. Akainyoosha mistari kama fundi anavyochora nyaya za umeme, na kila njia ina rangi yake. Kazi ya akili nyingi sana. Ila kwa mtu aliyesikiliza nusu ina hatari, maana vituo vyote vinaonekana majirani. Nikatafuta Edgware. Nikaiona huko juu, mwisho kabisa wa mstari mweusi. Nikahesabu kutoka Euston: kituo cha kumi na moja. Binamu alisema cha tatu. Nikahitimisha kwamba binti wa watu amekaa sana Ulaya, hesabu zimempotea.

Ndani ya treni nikamsalimia jirani yangu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akavaa visikilizio masikioni. Sauti iliyorekodiwa ikatangaza kwamba treni hii inaishia Edgware. Nikatulia. Neno Road sikulisikia, lakini nani anamalizia jina zima la kituo? Mbona sisi tunasema Mbezi tu na tunaelewana?

Tukapita Camden Town, tukapita Hampstead, kituo kilicho chini kuliko vyote kwenye mtandao ule, zaidi ya mita 58 kutoka barabarani. Nilikuwa nimeanza kuzoea giza, mara mwanga ukapasuka dirishani. Treni ya chini ya ardhi iko nje, inakatiza nyuma ya nyumba za watu, naona miti na baiskeli ya mtoto imelala kwenye nyasi. Nikashtuka nikadhani dereva amepotea. Wenzangu wanasoma simu zao tu. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba zaidi ya nusu ya njia za treni hiyo ziko juu ya ardhi. Na mimi nilivyokuwa, sikuwa na haki ya kumcheka mtu kwa jina lisilolingana na mahali.

Edgware tulishuka wachache. Nikasimama mlangoni dakika kumi, nikampigia binamu.

"Nimefika."

"Mbona sikuoni? Uko Edgware Road?"

"Edgware."

"Edgware nini?"

"Edgware. Hii hapa Edgware."

Alinyamaza kwa muda ambao, kwa bei ya kifurushi changu cha nje ya nchi, ungetosha kununua kilo ya nyama. Kisha akanieleza polepole, kwa sauti wanayotumia manesi kwa mgonjwa aliyezinduka. Edgware ni mahali, pembeni mwa mji. Edgware Road ni barabara ya katikati ya mji, iliyopewa jina hilo kwa sababu ndiyo inayoelekea huko. Yaani nimeambiwa tukutane Barabara ya Morogoro, mimi nimekwenda kusubiri Morogoro.

Akasema nirudi mpaka Euston, nianze upya. Lakini jina la Euston nilikuwa sina imani nalo tena, nikamuuliza mama mmoja jukwaani. Akanipa njia nyingine: shuka Charing Cross, chukua njia ya kahawia, Bakerloo, mpaka Edgware Road. Safari hii niliandika kila neno kwenye kiganja. Treni za njia hiyo ni za toleo la mwaka 1972, na zinanguruma kama kitu kilichotengenezwa 1972. Nilijisikia nyumbani. Nilipoona ukutani maneno mawili, Edgware na Road, yote yapo, nikataka kumkumbatia mtu. Nikapanda lifti, nikatoka nje nimeinua kidevu.

"Nipo mlangoni hapa," nikamwambia binamu.

"Mimi ndiye nipo mlangoni."

"Nimevaa koti la bluu."

"Kaka, hapa hakuna koti la bluu. Hebu inua mkono."

Nikainua mkono. Teksi nyeusi ikasimama mbele yangu, dereva akashusha kioo. Nikaushusha mkono. Dereva akaondoka akitikisa kichwa.

"Umeniona?"

"Hapana. Inua juu zaidi."

Ikasimama ya pili.

Sasa nisikilize, na hili sikulitunga, hata kwenye kikao cha harusi nisingethubutu. Vituo vya Edgware Road ni viwili. Vyote vinaitwa Edgware Road, jina moja, herufi kwa herufi, na kutoka kimoja hadi kingine ni dakika chache kwa miguu. Alichosimama binamu ni miongoni mwa vituo saba vya mwanzo kabisa, vya reli iliyofunguliwa tarehe 10 Januari 1863 kati ya Paddington na Farringdon, wakati treni za chini ya ardhi zilikuwa za moshi, na abiria wakitoka wanakohoa. Changu kilifunguliwa 1907 na kampuni nyingine, iliyoona hilo jina linaifaa na yenyewe. Leo ni mtandao mmoja, ila majina yamebaki hivyohivyo. Kati yetu kulikuwa na barabara kubwa na daraja la juu la magari, na kila mmoja amesimama mlangoni kwake na simu sikioni, anamlaumu mwenzake kwa upofu.

Saa tisa kasoro binamu alivuka barabara akanichukua kwa kunishika mkono wa koti, kama anavyochukuliwa mtoto mbele ya geti la shule. Tulikula kwenye mgahawa wa Kilebanoni, mishikaki na mkate wa moto, na hakunicheka hata kidogo. Nilidhani ni ustaarabu. Kumbe alikuwa anasubiri mtandao wa Songea utulie. Uso wa shangazi ukatokea kwenye simu, karibu mno, nusu paji la uso na nusu dari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Pole, nimeambiwa umepotea."

"Kidogo tu, shangazi."

Akasogeza simu mpaka nikayaona macho yote mawili.

"Na wale kuku wangu wawili," akasema, "ulikuwa nao?"