Namna ya Kupiga Gitaa Maisha Yote Bila Kuwa Mwanamuziki

Kwanza upate gitaa. Kama bado ni mtoto, tafuta bati la mafuta na ubao, kisha nyuzi uzitoe kwenye waya wa breki ya baiskeli. Chagua baiskeli ya mjomba asiyekaa karibu na mlima. Usione haya: Franco Luambo naye alianza na gitaa la kujitengenezea, kule Kinshasa, akipiga kando ya meza ya mama yake, muuza mikate wa soko la Ngiri-Ngiri, ili wapita njia wasimame. Jaribu vivyo hivyo mbele ya meza ya mama mkwe wako hapa Kasongo. Wakisimama, una kipaji, funga gazeti uende zako. Wakiongeza mwendo, karibu chamani.

Nyuzi za dukani zinatoka Kindu au Bukavu kwa pikipiki, zimebanwa kati ya sabuni na chumvi, na mvua ikiharibu barabara, wimbo unasubiri. Uzi wa kwanza ndio mwembamba kuliko wote, na ndio hufa mapema. Wakubwa wa rumba, ambao kwao maduka yalikuwa jirani, wakatuongezea msiba uitwao mi-composé: unang'oa uzi wa nne, unaweka mahali pake uzi mwembamba kama ule wa kwanza, unaukaza mpaka upande oktavu nzima. Kweli, solo inang'aa. Ila sasa una nyuzi mbili za kuzika badala ya mmoja. Kasongo na Kabambare, mtu wa mi-composé ama ana imani kubwa, ama ana shemeji Kindu.

Katika mazoezi, jihadhari na Mwenda Jean-Bosco wa Bunkeya. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na ukisikia “Masanga” utaapa kwamba wako wawili. Yuko peke yake, kwa kidole gumba na cha shahada. Hasara yake ndiyo hiyo: mwenye vidole kumi hana tena la kusema. Basi jioni hiyo hamia kwa Docteur Nico. Mbele ya Nico kila mtu ameshindwa, na aibu ya wengi ni nyepesi. (Mimi, mkinibana, nitasema Nico ni wa kustaajabiwa, Mwenda ni wa kufuatwa mpaka kwake.)

Mgeni wa Nairobi akikuomba “Kasongo” ya Super Mazembe akidhani umetungiwa mji wetu, usimsahihishe. Kasongo wa wimbo ni mwanamume anayebembelezwa arudi nyumbani. Mji wetu haujaenda popote. Piga.

Arusi ndiyo uwanja wako, lakini si saa yoyote. Wenye spika na jenereta wamelipwa, wewe umealikwa kula. Keti karibu na fundi wa jenereta, umuulize kwa upole ana lita ngapi. Injini ikikohoa na kuzima, simama polepole kama mtu aliyeombwa sana. Sebene inataka solo, mi-solo, akompanyema na besi. Ulicho nacho ni gitaa moja, kwa hiyo besi utaifanya kwa mdomo, na akompanyema waachie kina mama wenye makofi. Watacheza, wallahi watacheza, na kwa muda huo hakuna atakayekumbuka uzi wako uliokatika. Petroli ikifika, nyamaza mara moja, hata kama solo ndiyo kwanza imekolea. Adhana ikitoka msikitini, nyamaza kabla ya hapo.

Siku moja atatokea mchimba dhahabu kutoka Salamabila, mfuko umejaa, anataka kulinunua hilo gitaa. Usitaje franga, taja gramu. Akikubali, ongeza. Akikubali tena, mwonyeshe ufa wa mgongoni, mwambie lina tabia ya kujilegeza lenyewe usiku. Ila mazungumzo hayo yafanyikie mbali na mama watoto, maana yeye angepokea bei ya kwanza.